Sababu na Hatia Si Neno Moja

Twataka kutafakari neno linalowaumiza akina mama wengi, nalo ni hili: mtoto akiwa na usonji, je, mama yake ana kosa? Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Pengine huchelewa kusema, hupenda mambo yaende kwa desturi ile ile, na kelele ndogo zaweza kumtaabisha.

Zamani swali hili lilijibiwa vibaya. Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner wa Baltimore, katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, akataja na ubaridi wa wazazi wao. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akatoa kitabu cha kuwalaumu wazazi, na akina mama wengi wakatwikwa aibu isiyo yao. Lakini mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha katika Uingereza, wakaonyesha ya kuwa urithi wa damu una sehemu kubwa.

Siku hizi limekuja neno la sukari katika damu. Mwaka 2015 wataalamu wa California walitoa habari za watoto 322,323 waliozaliwa tangu 1995 hata 2009. Katika hao, 3,388 walionekana kuwa na usonji. Mama akigunduliwa kisukari cha mimba kufikia juma la 26, hatari kwa mtoto ilizidi kwa kadiri ya 42 katika mia. Mwaka 2018 habari nyingine za huko zilionyesha hatari kuzidi pia kwa watoto wa mama waliokuwa na kisukari kabla ya mimba.

Yatupasa kulipima neno hili kwa haki. Kwanza, walio wengi mno katika watoto wa mama hao hawakuwa na usonji. Pili, mambo mawili kuonekana pamoja si ushuhuda kwamba moja limezaa la pili. Tatu, hata ikiwa sukari ni sababu mojawapo, sababu si hatia. Hatia yataka mtu ajue, aweze, kisha akatae. Mama asiyepata kupimwa hakujua. Naye asiye na nauli ya kwenda hospitali hakuweza.

Basi maarifa haya yafaa nini? Yafaa kwa siku zijazo. Mwanamke mwenye kisukari atakaye mtoto na amwone tabibu, aitunze sukari yake kabla ya kuchukua mimba. Maana viungo vya mtoto huanza kuumbika katika majuma ya kwanza, pengine mama hajajitambua bado. Wala kazi hii si yake peke yake: mume atoe nauli, na nyumba nzima ikubali chakula kimfaacho.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa jirani kuuliza mama alikula nini au alifanya nini. Lakini mtoto naye asikia, na akisikia kila siku habari za kosa, atajiona kuwa yeye ndiye adhabu. Kwa hiyo, ninyi mnaozuru nyumba za watu, msiulize nani amekosa. Ulizeni mtoto huyu ahitaji nini, na nani atampokea mama yake mzigo apate kupumzika.