Nani Amfundishaye Mtoto?

Msomaji, ukiulizwa ni nani aliyekufundisha, huenda ukawataja walimu wako mmoja baada ya mwingine, tangu yule aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza. Jibu hilo ni la haki, walakini si kamili. Kabla hujaona ubao wala chaki ulikuwa umekwisha kujifunza lugha nzima pamoja na adabu zake, na hapana mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ikiwa nyumba iliweza jambo kubwa namna hiyo, je, itashindwa na hesabu? Wako wazazi wasemao kuwa haitashindwa, nao huwafundisha watoto wao nyumbani badala ya kuwapeleka shuleni. Swali lao halistahili dharau. Lakini mimi ni mwalimu wa shule, na kuniletea shauri hili ni kama kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani. Basi yapime maneno yangu kwa tahadhari.

Katika nchi ya Wagusii elimu ya nyumbani si jambo geni. Huko Tabaka, lichongwapo lile jiwe laini, watoto hujifunza kusugua na kung'arisha vinyago kando ya wazazi wao. Robert na Barbara LeVine, wataalamu waliokaa Gusii kati ya 1955 na 1957, walieleza katika kitabu chao Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966, jinsi msichana mdogo alivyokabidhiwa mtoto mchanga amlee, akaitwa omoreri, na jinsi mvulana alivyopewa ng'ombe achunge. Shule hiyo ilikuwa na mtihani mkali. Ng'ombe akiingia katika wimbi la jirani, matokeo yalitangazwa siku ile ile!

Hata hivyo, nyumba hufundisha kile inachokithamini, na hilo si lazima liwe lile lipimwalo na mtihani wa shule. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya kwa watoto 85 wa kijiji kimoja cha Wajaluo karibu na Kisumu, wenye umri wa miaka 12 mpaka 15. Waliwauliza juu ya dawa za miti shamba, kisha wakawapima msamiati wa Kiingereza. Ikaonekana kuwa, kwa jumla, waliojua dawa zaidi ndio waliopata alama za chini katika msamiati. Usidhani kuwa watoto hao walikuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza vema, ila kwa mwalimu mwingine.

Sasa tuwatazame wale wafundishwao nyumbani masomo yale yale ya shule. Huko Marekani, mwaka 1999, Lawrence Rudner alitangaza matokeo ya wanafunzi 20,760 wa namna hiyo. Kwa kawaida mtoto wa kati miongoni mwao aliwashinda watoto 70 mpaka 80 katika kila 100 wa taifa lake. Watetezi wa elimu ya nyumbani walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini uliza kwanza watoto hao walitoka wapi. Walikuwa wa jamaa zilizoagiza mtihani kwa hiari yao, karibu wote wakikaa na baba na mama, na wengi wa wazazi hao walikuwa na masomo kupita ya sekondari. Mtu akitaka kujua mavuno ya ndizi ya Gusii yote, kisha akahesabu mikungu iliyopangwa sokoni Daraja Mbili tu, atarudi na habari njema mno. Mikungu iliyoozea shambani haikuja sokoni. Rudner mwenyewe alionya kuwa hesabu zake hazithibitishi kwamba nyumba hushinda shule; onyo hilo halikusikiwa sana kama zile hesabu.

Uchunguzi mdogo wa Kanada wa mwaka 2011 wanifaa zaidi. Humo watoto 37 wa nyumbani walilinganishwa na 37 wa shule. Wale 25 waliofundishwa nyumbani kwa utaratibu, wenye vitabu na saa za kazi, waliwapita wenzao wa shule. Wale 12 walioachwa wafuate matakwa yao walikuwa nyuma ya wote. Watoto ni wachache, nami singejenga ghorofa juu ya msingi huo. Lakini waonyesha kuwa neno "nyumbani" peke yake halitujulishi mengi.

Jambo hili tuliliona wenyewe. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Kwa miezi hiyo kila nyumba ya Kisii na Nyamira ilitakiwa iwe shule. Mtoto wa mwalimu alikuwa na mwalimu. Mtoto wa mchuma chai alikuwa na kikapu. Masomo yalitangazwa redioni, lakini redio haimwulizi mtoto kama ameelewa, wala haijui kwamba ametumwa kisimani.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka kuruhusiwa kufundisha nyumbani. Naona ni vigumu kwao kukubali. Mzazi aliye hodari huzuiwa kwa ajili ya mzazi asiyeweza, na hilo lina uchungu wake. Lakini shauri hili lina mtu wa tatu, naye ndiye asiyesikilizwa. Uhuru wa mzazi ni wa mzazi; miaka inayopotea ni ya mtoto, na hawezi kurudishiwa kwa hukumu yoyote. Nikisikia mtu asifu matokeo ya watoto wa nyumbani, humkumbuka yule aliyeshinda miezi ile yote chini ya mlima wa Manga akichuma chai, ambaye hapana mtu aliyemletea karatasi ya mtihani.