Mwizi wa Picha na Hukumu ya Mtazamaji

Voi ni mji wa njia panda, na mji wa njia panda haukosi wasafiri, wala wasafiri hawakosi haja ya kupitisha saa mbili tatu wakingoja gari la kwenda Mwatate, Wundanyi au Taveta. Hivyo si ajabu kwamba kibanda cha video, pamoja na mabati yake, mabenchi yake na pazia zito la mlangoni lililowekwa kuzuia jua la nyika, kimekuwa baraza miongoni mwa mabaraza ya zama hizi. Picha zipendwazo humo aghalabu ni za majambazi na polisi, na zile za kigeni huwafikia watazamaji kwa ulimi wa DJ Afro, msimulizi ambaye mzaha wake hupendwa pengine kuliko picha yenyewe. Lakini mimi nataka kunena habari ya picha ya kwetu, na habari ya rai ambazo watu huzitoa juu yake pazia likiisha kufunuliwa, maana ndani ya rai hizo limejificha swali la dini ambalo mahubiri yetu hulipita kando.

Picha hiyo ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka 2012 kwa msaada wa One Fine Day Films, shirika lenye mkono wa Mjerumani Tom Tykwer, na kwa gharama ambayo huko Hollywood isingetosha ujira wa nyota mmoja mkubwa. Juu ya uchache huo wa fedha, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya picha za lugha za kigeni. Naye Joseph Wairimu, aliyeigiza kijana Mwas, alitunukiwa Durban mwaka huo huo kuwa mwigizaji bora. Mwas ni kijana wa shamba auzaye picha za mapigano za Wazungu, akiziigiza mbele ya wanunuzi kwa ulimi na viungo vyote. Aenda Nairobi kutafuta jukwaa, aporwa kabla hajapata hata pa kulala, atiwa korokoroni bila kosa, na humo ajuana na Oti, mkuu wa genge, hata akawa mtu wa maisha mawili: huku mwanafunzi wa tamthilia miongoni mwa watu wenye nafasi zao, huku mwizi wa vipuri vya magari, na mwisho wa magari yenyewe.

Rai nilizozisikia zilikuwa za namna nyingi. Mzee mmoja alisema kwamba picha hiyo ni madrasa ya wizi, na kwamba mtoto akionyeshwa jinsi kioo cha gari king'olewavyo hatakosa kujaribu. Kijana aliyewahi kushuka kwenye basi pale Nairobi akiwa na mkoba mmoja alimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hiyo si hadithi, hayo ni maisha," na zaidi ya hapo hakutaka kuongeza neno. Wako waliohukumu ufundi tu, wakasema damu yafanana na sharubati na magari yaliyopinduka ni machache mno. Na wako walioulizana, kwa ukali wa kadhi mwenye mafaili mengi, kwa nini Oti afe na Mwas asalimike, hali mikono yao wote wawili ilikuwa na taka moja.

Juu ya unyonge wa ufundi sitakawia, illa niseme kwamba unyonge huo una faida yake, nasi watu wa nyika ya Tsavo tuna ushahidi. Mwaka 1996 Wamarekani walitoa picha ya gharama kubwa, The Ghost and the Darkness, juu ya simba wawili waliowala wajenzi wa reli kwenye daraja la Mto Tsavo mwaka 1898. Nayo, pamoja na Val Kilmer na Michael Douglas wake, ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wakavikwa manyoya shingoni ambayo wale wa kweli, waliokaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, hawana. Mtu wa Voi huitazama akastarehe, kisha akaenda zake, kwa kuwa hofu ile si hofu ya nchi yake. Picha nyonge, kwa kukosa fedha za kujenga mji wa uongo, hulazimika kupigwa katika mji wa kweli. Na mwizi apitaye katika uchochoro tunaoujua hutunyima ile starehe ya kudhani kwamba yeye ni wa dunia nyingine.

Basi swali lenyewe ni hili. Polisi wanapomkimbiza Mwas, kibanda kizima humtakia anusurike, na katika watu hao wamo wasiokosa sala ya Ijumaa na wasiokosa ibada ya Jumapili. Je, kumtakia mwizi heri ni taksiri? Na swali likiisha kuulizwa hivyo, la pili hulifuata lenyewe, gumu kuliko la kwanza: watu wale wale, kesho yake, mtu akipiga ukelele wa "mwizi!" sokoni, wataokota mawe, na pengine atatokea mmoja wao mwenye tairi na kibiriti. Huruma iliyojaa gizani kwa mwizi wa kivuli imekwenda wapi kwa mwizi wa damu na nyama?

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, ameeleza jinsi rafiki yake Alipio alivyoburutwa na wenzake huko Roma hadi kwenye uwanja wa wapigana kwa panga, akafumba macho asione, lakini aliposikia kishindo cha umati akayafumbua, na tangu saa ile akalewa damu kuliko waliomleta. Kwa Augustino, basi, jicho ni mlango wa maangamizi. Aristotle, aliyemtangulia kwa karne nyingi, alidhani kinyume: kwamba huruma na hofu ziamshwazo na mchezo hupata humo humo njia ya kutokea, na mtazamaji akarudi kwake mwepesi. Nawaheshimu wote wawili, walakini hapana hata mmoja anieleweshaye umati wa sokoni. Kama jicho ndilo linalopoteza, waliomhurumia Mwas wangeambukizwa kumpenda mwizi. Na kama mchezo husafisha, wangetoka kibandani na mikono isiyotamani mawe.

Nadhani wazee wa Kitaita walilijua jambo hili kwa undani zaidi. Katika ibada yao ya kutasa, ambayo Grace Harris, mwanazuoni wa Kimarekani aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1978, ghadhabu iliyofichwa moyoni haihesabiwi kuwa siri ya mwenyewe, bali ni hatari kwa jamaa zake, iwezayo kuleta maradhi na misiba hata kama yeye hakuinua mkono. Wala haitoki kwa kukaa kimya au kwa kutazama. Mwenye ghadhabu hutia maji au pombe kinywani, akayapuliza nje kwa rasharasha, na kwa maneno yasikiwayo na wengine akaitoa ghadhabu yake na kutamka heri. Wakristo wengi wa Sagalla, ambako misheni ilifunguliwa mwaka 1883, na wa Bura, ambako mapadri walifika mwaka 1892, wameiacha ibada hiyo, nami siwataki wairudie. Lakini hoja iliyomo ndani yake haijazeeka.

Kwa kipimo hicho, rai za watazamaji ndizo kazi yenyewe, wala si porojo baada ya kazi, na kasoro yake ni kwamba huishia nusu. Watu husema yaliyo moyoni, kwamba huyu angalikufa na yule amestahili, lakini heri hawaitamki. Wala hapana amwulizaye yule kijana aliyekuwa na mkoba mmoja ni nini kilimpata aliposhuka basi. Kumhurumia Mwas si dhambi, maana rehema haichunguzi kwanza kama mhitaji ana mwili au ni kivuli ukutani. Dhambi ni kuihifadhi rehema kwa vivuli peke yao, na waliokwisha kulia kwa ajili ya Oti hawana udhuru wa kusema kwamba hawakujua mwizi ana mama.

Kwa hiyo nawaomba maimamu na wachungaji wa Voi, ambao wamezoea kulikemea pazia lile kutoka nje, wainame siku moja waingie, wakae benchini mpaka mwisho wa picha, na taa ikiwashwa wasiondoke mpaka kila kijana aliyemo amesema angefanya nini lau mwizi yule angeanguka mlangoni pake.