Ilimu ya Kiama na Amana ya Mja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa Kipatimu na wa pwani yote ya Kilwa na Lindi wakaa jirani na Manasara, na mara nyingi huwasikia wakibishana juu ya khabari ya siku za mwisho. Wengine wao husema mambo yaliyobashiriwa yamekwisha timia. Wengine husema bado. Yapasa kwanza tuifahamu hoja yao kama wenyewe waitoavyo, kwani kumjibu mtu kwa neno asilolisema ni dhulumu.

Katika mlango wa 24 wa Injili ya Mathayo yatajwa kuvunjwa kwa hekalu la Baitul Mukaddas, na vita, na njaa, na mwisho wa mambo. Kisha yatajwa kuwa hayo yote yatakuwa katika muda wa kizazi kimoja. Kundi la kwanza lasema: kizazi hicho ni watu wa zama zile, na mwaka 70 jeshi la Rumi chini ya Tito liliuteka mji na kuliteketeza hekalu, basi yametimia. Kundi la pili lasema: mbona wafu hawajafufuka? Basi kizazi ni kile kitakachoziona alama. Kundi la tatu lagawanya: ya hekalu yamepita, ya Kiama yangojewa.

Ubishi huu ukibaki katika tafsiri, madhara yake ni machache. Khatari huingia pale mtu anapoiacha tafsiri akashika hisabu, akawatajia watu siku. Huko Marekani wafuasi wa William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na wako walioacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu wa kundi lililongoja mwisho wa dunia waliangamia katika moto tarehe 17 Machi 2000. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hata kufa ili wakutane na Isa. Na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo.

Akisema msemaji: hayo ni ya Manasara, sisi tumesalimika, twamjibu: la. Mwaka 1908 ilienea Lindi karatasi iliyoitwa Barua ya Makka. Ilinasibishwa kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, kwamba amemwona Mtume katika ndoto akionya kuwa mwisho umekaribia. Na ndani yake mna ahadi kwa mwenye kuieneza na maapizo kwa mwenye kuipuuza. Ilizikuta nyoyo za watu waliotoka karibuni katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na katika njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Mtu aliyezika nusu ya nyumba yake si ajabu akiamini kuwa dunia yaisha. Twamhurumia, lakini huruma haiifanyi karatasi ile kuwa kweli. Na wasia wa namna hiyo hata leo wapita katika simu za mkononi.

Sisi twaziamini alama za Kiama. Lakini Kurani yatufunza kuwa ilimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Jibrili, hakudai kujua kumshinda muulizaji. Basi atajaye siku amejidai kwa jambo ambalo Mtume hakujidai.

Pengine mtu atauliza: ikiwa barua ya uongo yawapeleka watu msikitini, ubaya wake ni nini? Jawabu: kumzulia Mtume ni dhambi kubwa, hata kwa nia njema. Tena, toba iliyojengwa juu ya tarehe huanguka tarehe ikipita, na aliyeogopeshwa kwa uongo huja akayashuku hata ya kweli. Na la tatu ni amana. Kila mmoja wetu ana deni, au mahari asiyoimaliza, au mali ya yatima mkononi. Akiambiwa dunia yaisha mwezi ujao, atalipa nini, na kwa nani? Hivyo mtaja siku humpokonya yatima haki yake bila kumgusa.

Mtume ametufunza kuwa mtu akifikiwa na Kiama naye ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Basi, ewe ndugu, ukiletewa karatasi ya namna hii, muulize mletaji: umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Kisha nenda ukalipe deni lako, ukapalilie shamba lako, ukaswali kwa wakati wake. Kwani mauti yako, ambayo ndiyo kiama chako, nayo hukutajiwa siku yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye. Wassalamu.