Ngoma ya Watoto Haikeshi

Wanangu, neno hili nimelisema msibani, nimelisema harusini, nimelisema chini ya mwembe wa mkutano wa kijiji, na sasa naliandika kwa sababu kifua changu hakiwezi tena kupaza sauti. Naliandika kwa Kiswahili nilichookota Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ili na jirani yangu asiyejua Lusoga asome. Nivumilieni kidogo. Mimi nimewavumilia muda mrefu.

Nilizaliwa Budondo, upande wa mashariki wa Nile, maporomoko ya Bujagali yakiwa bado yananguruma. Tulilala nayo, tukaamka nayo. Mama yangu alizoea kusema, "Mto umepandisha sauti leo," nasi watoto tulitega masikio kujua kama ni kweli. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la muziki, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Mwaka 2011 maji ya bwawa yaliyafunika yale maporomoko, na mwaka 2012 mitambo ya megawati 250 ikazinduliwa rasmi. Sina ugomvi na umeme. Taa ninayoandikia inawaka kwa umeme. Lakini usiku wa kwanza wa ule ukimya nilikaa kitandani macho wazi. Mjukuu wangu wa darasa la nne alizaliwa baada ya hapo. Hajui kwamba kuna sauti iliyokuwa yake ikaondoka kabla hajaisikia, na mimi siwezi kumwonyesha.

Mwaka huohuo wa 2012, UNESCO iliiandika bigwala ya Busoga katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Bigwala ni mabaragumu ya vibuyu virefu, matano au zaidi, na kila baragumu linatoa sauti moja tu. Mpulizaji mmoja hana wimbo. Ana "puu" yake, anaingoja zamu, anaitoa mahali pake, na wimbo unazaliwa kati ya watu watano. Ilipigwa kwa Kyabazinga, mfalme wa Busoga, na katika shughuli za ufalme. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na hadi ziliporuhusiwa kurudi mwaka 1993 mabaragumu hayakuwa na baraza la kuyaita. Wazee walikufa mmoja mmoja. Bigwala ilipoandikwa, mafundi wakongwe waliobaki walikuwa wanne tu. Hata vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake walipoanza kuufufua muziki huo, iliwabidi kuanza shambani, wakapanda mbegu za vibuyu, ndipo wakawakusanya vijana wafundishwe.

Nawaeleza haya kwa sababu mnaniuliza kwa nini mzee anahangaika na kelele za watoto.

Napita majumbani mwenu jioni. Mtoto ameokota mwiko, anagonga sufuria, anatafuta kitu ambacho hata yeye hajakijua jina. Kabla hajakipata, sauti inatoka ndani: "Wee! Acha kelele!" Anaacha. Saa nne ya usiku baba huyohuyo anafungulia spika mpaka kuku wanashtuka bandani, na hiyo haiitwi kelele. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Wengi huitaja methali hii kuudharau mchezo wa watoto, kwamba hauna maisha. Mimi nawaombeni muisikie kwa upande wa pili. Haikeshi, basi itawachukulia nini? Robo saa. Nusu saa ikizidi sana. Kisha wataona usingizi wenyewe.

Mnasema muziki ni kazi ya shule. Najua hali ya shule, nimeiona. Somo la muziki lipo kwenye mtaala wa msingi, lakini mtihani wa kumaliza darasa la saba una karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii. Kisichopimwa ndicho kinachotolewa kwanza saa zikipungua. Shule moja, sitaitaja, iliwaondolea watoto wetu vipindi vya ngoma mwaka mzima ili warudie mazoezi ya hesabu, na ngoma zikafungiwa stoo panya wakazila ngozi. Siwalaumu walimu. Wanapimwa kwa alama, nao wanatafuta alama.

Tena mmesahau upesi. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nilikuwa na wajukuu sita hapa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na redio moja ya kusikiliza masomo. Wiki ya pili walishaanza kupigana. Sikuwa na vitabu vya kuwapa. Nilikuwa na migomba.

Basi sikilizeni nilichofanya, kwa maana hamhitaji fedha.

Mgomba ukishatoa mkungu wa matoke hukatwa, hauzai tena. Chukueni vigogo viwili vibichi, vilazeni sambamba, viachane kiasi cha hatua moja ndogo ya mtoto. Tafuteni vipande vya mti mkavu, msambya ukipatikana ni bora, la sivyo hata mabaki ya fundi seremala. Vipande vitano vinatosha, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake. Vipangeni juu ya vigogo, kila kipande kikalie mgomba karibu robo ya urefu wake kutoka kila ncha, na kati ya kipande na kipande chomekeni kijiti kwenye mgomba ili visigusane. Mgomba ni laini, haumezi sauti ya mti; ndiyo maana mafundi wa embaire, marimba yetu ya Busoga, wameutumia tangu enzi. Kule Nakibembe, katika Busoga yetu hii, embaire kubwa huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili ivume, na watu kadhaa huketi pande zote mbili kuipiga. Wapigaji wa kijiji hicho walitoa albamu mwaka 2023 ikasikilizwa mpaka Ulaya. Walianza kama watoto wenu, kwa kuketi karibu na mtu mzima asiyewafukuza.

Msiwapangie sauti. Waacheni wagonge, wabishane. Mtoto akisema, "Jajja, hiki kinalia vibaya," mpeni kisu kisichokata sana na mumkalie karibu. Akipunguza ncha, sauti hupanda. Akichonga tumbo la kipande upande wa chini, katikati, sauti hushuka. Msimwambie. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo akiwa na miaka kumi, aligundua jambo hilo peke yake siku ya tatu, akaja mbio akanishika mkono kunionyesha, na mpaka leo nikiugusa mkono huu nakumbuka. Ndiyo, wa kike. Zamani, kwetu na kwa jirani zetu Baganda, ngoma ilihesabiwa kazi ya wanaume. Mila nyingine tunazishika kwa heshima. Hiyo tuiachie njiani. Mpeni msichana fimbo mbili kama kaka yake.

Kisha waketi wawili, mmoja huku, mwingine kule. Wa kwanza apige polepole, sawasawa. Wa pili apige katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Baganda humwita wa kwanza omunazi, na wa pili omwawuzi, yule anayegawa. Hapo ndipo wajukuu wangu waliacha kupigana, wala sikuwahubiria. Ukiharakisha unampiga mwenzako juu ya sauti yake, wote mnasikia aibu. Ukichelewa, wimbo unachechemea. Nimemwona mtoto mkaidi, aliyeshindikana kwa fimbo na kwa maneno, akijifunza kungoja kwa sababu ya vipande vitano vya mti.

Bigwala nayo inafanyika nyumbani. Kateni vikonyo vya majani ya mpapai, vile virefu vyenye uwazi ndani. Osheni utomvu, unawasha midomo. Kateni kwa urefu tofauti, kila mtoto ashike kimoja, azibe chini kwa kidole na apulize juu ya ukingo. Kirefu kitatoa sauti nzito, kifupi nyembamba. Sheria ni moja tu: kila mtu ana sauti moja, na anaitoa zamu yake inapofika. Watoto watano wakizunguka hivyo polepole, kisha kasi kidogo, watapata wimbo ambao hakuna aliyeutunga peke yake. Mdogo kabisa mpeni kile kirefu. Kinahitaji pumzi nyingi, naye atajiona mtu mzima.

Chupa za soda zipo kila nyumba. Tieni maji viwango tofauti, mzigonge kwa kijiti. Yenye maji mengi italia nzito. Halafu ipulizeni mdomoni chupa ileile: yenye maji mengi italia nyembamba. Mwulizeni mtoto kwa nini, mkae kimya. Akifikiri siku mbili, hiyo ni sayansi mliyokuwa mnailipia masomo ya ziada.

Jambo ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata chupa. Kila ukoo wa Baganda una mdundo wake wa ngoma, omubala, unaosema maneno ya ukoo. Anayeusikia kwa mbali anajua ni nani. Tungeni omubala wa nyumba yenu. Chukueni jina la mtoto, mlitamke kwa Lusoga, msikilize linavyopanda na kushuka, linavyovuta na kukatiza, kisha mlipige juu ya jerikani tupu: katikati ni sauti nzito, pembeni ni kali. Unganisheni majina ya watoto wote. Nyumbani kwangu omubala huo unapigwa mtoto akirudi shuleni, na akichelewa, unapigwa ili asikie aharakishe. Mlango wa pili, watoto wa jirani yangu aliyehamia kutoka Mbale hupiga mdundo wa kadodi, ngoma za Wagisu, juu ya madebe, kwa kuwa kwao, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu, yaani tohara, hufungua barabara zote kwa ngoma hizo. Wangu wamejifunza mdundo wao, nao wamejifunza wetu. Hivyo ndivyo tulivyokua Walukuba pia, Wasoga, Wagisu na Wajaluo kwenye uwanja mmoja, kila mtoto akija na wimbo wa bibi yake.

Wakitunga kitu kizuri watakisahau kesho. Wapeni mkaa na kipande cha boksi. Waamue wenyewe: duara ni jerikani, mstari mrefu ni pumzi ndefu, nukta ni kimya. Waandike, walale, asubuhi wajaribu kukisoma. Mtunzi Mjerumani Carl Orff, aliyeshiriki kuanzisha shule moja Munich mwaka 1924, alijenga mafunzo yake yote juu ya jambo kama hili: maneno, mwili na marimba ndogo zenye vipande vya kuondolewa, mtoto atunge kabla ya kusoma nota. Leo shule tajiri hununua marimba za namna hiyo kwa fedha nyingi. Mgomba wetu unaozea shambani.

Mwanangu mkubwa alinijia Pasaka iliyopita. Ni mtu mwema, anafanya kazi Kampala. Akaniambia, "Mzee, nimewanunulia watoto kinanda cha betri. Kina nyimbo mia ndani yake, wanabonyeza tu."

Nikamuuliza, "Na wao wameweka wimbo gani ndani yake?"

Akanyamaza. Sikutaka kumuumiza. Nikamwomba akae nami nje, tuwatazame watoto wake na binamu zao wakihangaika na vipande vya mti. Alikaa na simu mkononi. Baada ya muda akaiweka chini. Mwanawe mdogo alipokosa zamu, yeye, mtu mwenye mvi, akaichukua fimbo akaingia. Kumbe mikono yake ilikuwa inakumbuka. Nilimfundisha mwaka ambao hata yeye mwenyewe hakumbuki.

Kwa hiyo nawasihi mambo machache, nami nitapumzika. Msimrekodi mtoto kabla hajamaliza kutafuta. Akiiona simu huanza kujionyesha, huacha kusikiliza. Msimwambie aimbe ule wimbo wa redio. Msimcheke akitetemeka. Msimpe sifa za bure pia, atajua. Kaeni tu. Dakika kumi kwa jioni, mgongo ukiwa umewachosha, mikono ikinuka udongo au dizeli, kaeni kwenye mkeka pamoja naye na muipige ile sauti moja mliyopewa.

Nyuma ya nyumba yangu kuna vigogo viwili nilivyolaza wiki iliyopita. Vimeanza kulegea, Jumamosi nitakata vingine. Waleteni watoto, na ninyi wenyewe mje.