Siku za Mwanzo ni Matanga, si Harusi

Mzazi anayekwenda kumpokea mtoto wa kuasili hujiandaa kama bwana harusi. Amesubiri miaka, amekaguliwa nyumba na mfuko, na siku anapoitwa hufunga zawadi na kuchaji kamera. Nasaha yangu kwake ni moja, na nyingine zote zinatoka humo: aingie chumba cha kukabidhiwa mtoto kwa adabu za mtu anayekwenda msibani. Kwake yeye ni siku ya kupata. Kwa mtoto ni siku ya kupotewa na watu wote aliowajua, kwa mpigo mmoja, bila yeyote kumweleza kwa nini. Na waungwana wanajua: furaha na msiba vikikutana chini ya dari moja, furaha ndiyo hupisha.

Tuitazame China, maana hakuna nchi iliyotufundisha jambo hili zaidi. Tangu sheria yake ya kuasili ilipoanza kutumika mwaka 1992 hadi Septemba 2024, serikali ilipoufunga mlango na kuwabakizia wageni watoto wa kambo na wa ndugu zao wa damu tu, watoto zaidi ya 160,000 walichukuliwa na familia za nchi za nje, karibu nusu yao wakienda Marekani. Wengi walikuwa wasichana, walioachwa zama za sera ya mtoto mmoja. Mzazi alikabidhiwa mtoto katika mji mkuu wa jimbo, ofisini au hotelini, akapewa saa 24 za kukaa naye kabla ya kusajili. Kisha zikafuata siku za kungoja pasipoti, na kwa Wamarekani safari ya Guangzhou kwa vipimo na viza, ambako kwa miaka mingi wengi walifikia hoteli ya White Swan, kisiwani Shamian. Hesabu basi: wiki mbili hivi za vyumba vya kupanga, sura ngeni, harufu ngeni na lugha isiyoeleweka, kwa mtu ambaye huenda hajatimiza hata mwaka.

Wako wasemao: mtoto mchanga hajui kitu, na aliyetoka kituo cha yatima hana cha kukililia. La kwanza lilijibiwa zamani. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu yake ya binti wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini Uingereza kwa siku nane bila mama yake kukaa naye. Wakati ule wauguzi waliamini kuwa mtoto aliyenyamaza ametulia. Filamu ikawaonyesha mtoto anayeyameza machozi yake. Ukimya si ridhaa. Anayepiga kelele usiku kucha anakwambia alikuwa na mtu wake, nayo ni habari njema, kwa kuwa aliyewahi kupenda anaweza kupenda tena. Anayekaa kimya akikutazama tu ndiye wa kuangaliwa kwa huruma zaidi. La pili nalo halisimami. Kituoni palikuwa na yaya aliyemlisha, mwenzake wa kitanda cha pili, na uji wa mchele wa kila asubuhi. Ni kidogo, lakini ndicho chote alichokuwa nacho.

Ukilikubali hilo, adabu zake zinajitokeza zenyewe. Yaya aliyemleta msalimu kwanza na umshukuru, kisha umuulize: hulalaje, chakula kizito au chepesi, hubembelezwa kwa maneno gani? Dakika zile chache hazirudi. Nguo alizokuja nazo, hata zikiwa nzito za tabaka tatu nne na zenye harufu ya moshi, usikimbilie kuzitupa wala kuzifua; harufu ile ndiyo nyumbani kwake, mwachie kanzu moja kando ya mto. Mezani mtafutie uji ule ule. Akilala na biskuti imebanwa kiganjani, usimnyang'anye. Anahakikisha kwamba kesho kipo. Bibi wa mtaani akikugombeza kuwa mtoto hakuvikwa vya kutosha, inama, shukuru, mfunike. Ni bibi wa nchi ya mwanao. Na akimshika mama akamkataa baba, baba asinune wala asilazimishe. Anayetoa mkono wa pole hadai kukumbatiwa.

Watasema tena: samaki mkunje angali mbichi, mtoto akidekezwa siku ya kwanza atatawala nyumba. Methali ni ya kweli, ila samaki hukunjwa akiwa mkononi, na huyu bado hajaja mkononi. Malezi hupanda juu ya imani, na imani hujengwa kwa kulia ukaitikiwa, mara ya kwanza na mara ya mia. Wengine watauliza kama mzazi naye hana haki ya kufurahi baada ya kungoja kote kule. Anayo. Afurahi na mwenzake usiku, awapigie simu nduguze. Asichokuwa na haki nacho ni kumtaka mtoto afurahi pamoja naye, kumpitisha mikono ya watu kumi, au kumwambia leo au akiwa mtu mzima kwamba ameokolewa. Neno hilo humfanya mdeni nyumbani kwake mwenyewe, na mwana si mdeni.

Neno mama, kwa Kichina na kwa Kiswahili, hutamkwa karibu sawa. Yawezekana mtoto amekwisha kumwita nalo yaya wake, na siku za mwanzo akalilia mlangoni akimtaka huyo. Usilione kuwa tusi, wala usimfundishe kulisema kwako ili lipigwe picha. Kaa naye chini pale mlangoni, ulie naye ukiweza, urudi kesho yake na uji. Matanga yana siku yake ya kuanuliwa, na haya mwenye kuyaanua ni mtoto.