Mwenye Kuajiri Mkono, Je, Amenunua na Ngozi Yake?

Umeme utuwakiao taa majumbani mwetu hapa Mombasa, sehemu yake yatoka mbali, katika mto Tana, pale Kiambere katika nchi ya Wambeere upande wa Embu. Bwawa lile lilianza kutoa umeme mwaka 1988, baada ya Kindaruma (1968), Kamburu, Gitaru na Masinga, na nyaya zake zimevutwa kutoka huko hata Rabai, mlangoni petu. Twaiona taa, mikono iliyoko nyuma yake hatuioni.

Sikitaji kinu kile kwa kuwalaumu wenyewe. Nakitaja kwa kuwa ni mfano ulio wazi wa jambo lililoenea kila mahali penye mashine: chuma hakizunguki juu ya chuma ila kwa mafuta. Kuna mafuta ya kulainisha, kuna ya kusukumia milango ya maji, kuna ya kupozea transfoma. Na chombo kikiharibika lazima kikerezwe, kitobolewe, kisuguliwe, na hapo humiminwa yale maji meupe kama maziwa, yaliyochanganywa na mafuta na dawa, ili chuma kipoe kikikatwa. Mambo ni hayo hayo katika karakana za Changamwe na katika gereji za jua kali zilizo vichochoroni mwetu, ambako kijana huzamisha mikono katika oili chafu hata viwikoni, kisha huiosha kwa petroli au mafuta ya taa.

Madhara yake yajulikana tangu zamani. Maji yale ya kukatia chuma huondoa mafuta ya asili yaliyo katika ngozi, na ngozi iliyokauka hupasuka, na penye ufa huingia dawa zilizotiwa humo kuzuia maji yasioze, pamoja na vumbi la nikeli na kromu. Hapo huzuka ukurutu. Na mtu ambaye ngozi yake imekwisha kukataa kitu kimoja katika hivyo, mara nyingi huikataa maisha yake yote, hata tone dogo likamrudishia mwasho, akalazimika kuiacha kazi aliyojifunza kwa miaka mingi. Mafuta mazito nayo huziba vinyweleo, yakaleta vipele mikononi, na mapajani pia kwa sababu ya lile tambara lililolowa oili ambalo fundi hulitia mfukoni mwa suruali.

Kubwa kuliko hayo ni saratani. Mwaka 1775 tabibu wa London, Percivall Pott, aliandika habari za wasafishaji wa mabomba ya moshi waliopatwa na saratani ya mfuko wa pumbu kwa ajili ya masizi. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester wakaiona saratani hiyo hiyo kwa wasokotaji wa pamba, ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine kila siku. Leo shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vyema katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Sasa twaingia katika swali lenyewe. Tajiri wa karakana husema: "Mimi nimemlipa mshahara, naye amekubali, nani amemlazimisha?" Neno hili lina sura ya haki, wala halifai kutupwa bila ya kupimwa.

Twatazama kwanza ni kitu gani kilichouzwa. Wanazuoni wetu wa fiqhi, walipoeleza mas-ala ya ijara, walisema kuwa kinachouzwa ni manfaa, si dhati ya kitu. Mwenye kukodi nyumba amenunua kukaa, hana ruhusa ya kubomoa ukuta akasema, "Nimelipa kodi." Mwenye kukodi punda akamtwika kupita kiasi mpaka akavunjika mgongo, yampasa amlipe mwenyewe. Basi ikiwa dhamana hii yamlinda punda na ukuta, itakosekanaje kwa mkono wa mwanadamu? Tajiri amenunua kazi ya mkono tangu asubuhi hata jioni. Ngozi hakuinunua.

Ama ridhaa, hiyo haiwi ridhaa bila ya ujuzi. Mhunzi wa zamani aliujua moto, kwa kuwa moto humwonya mtu papo hapo. Akiungua, amejua kilichomwunguza. Mafuta hayana uaminifu huo. Hayachomi, hayanuki sana, na madhara yake mengine hungoja miaka mingi. Kijana akisema, "Nimezoea," huwa ameyazoea asiyoyajua. Na tajiri aliyekwisha kujua naye akanyamaza ni kama mwenye kuuza kitu chenye aibu iliyofichika. Na hakuna soko lolote la haki ambamo biashara ile huhesabiwa kuwa imetimia.

Wako watakaosema kuwa dawa ni glavu, na mambo yakaisha. Lau ingekuwa rahisi hivyo! Glavu ikinaswa na mashine inayozunguka huvuta mkono mzima. Kwa fundi wa kerezo ulinzi ni kinga ya kuzuia maji yasimrukie, brashi ya kuondolea vishuzi vya chuma badala ya vidole, maji yabadilishwe kabla ya kuoza, na sabuni iwepo pahala pa petroli. Glavu zafaa kwa anayefungua injini iliyozimwa. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, yamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga, nayo yahusu kila mahali pa kazi, hata chini ya mwembe.

Lakini chini ya mwembe tajiri ni nani? Mara nyingi ni fundi fukara ambaye mikono yake mwenyewe imepasuka, na mteja amempunguzia bei mpaka hana ya kununulia sabuni. Mteja yule ni mimi na wewe, wenye magari na mashine za mashua, tunaojisifu barazani kwa kupata kazi rahisi. Na pembeni yake yuko mwanagenzi wa miaka kumi na mitano, aliyeletwa na babake kujifunza, asiyelipwa hata senti moja, ndiye aoshaye vyuma vyote. Huyu hakuuza hata manfaa. Ni amana iliyowekwa mikononi mwa fundi, na mwenye kuiweka hakuambiwa kilichomo ndani ya lile debe la oili.