Je, Samaki Mgonjwa Ana Haki Juu Yetu?

Ndugu msomaji, huenda swali hili likakuchekesha. Wanadamu wenyewe wangali wakikosa dawa, nasi twauliza habari za samaki! Hata hivyo tumelileta mbele yako makusudi, kwani ndani yake mna jambo linaloyagusa maisha ya kila mtu aliye na kiumbe chini ya mkono wake.

Tuseme mtu wa Mikese ana hodhi la kioo nyumbani, lenye mchanga, majani ya majini na kambale wachanga wawili watatu. Kambale ni samaki wa chini. Hutafuta riziki yake kwa kupapasa mchanga kwa sharubu. Siku moja mwenye hodhi aona sharubu zimelika, ngozi ina madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, na samaki ajisugua kwenye mawe. Aambiwa atie dawa. Lakini chumvi imfaayo samaki, ikizidi, huyaua majani; na dawa yenye shaba huua konokono, tena kambale, kwa kuwa hana magamba, aweza kudhurika nayo mapema kuliko perege. Je, amwokoe nani na amwache nani?

Wapo watakaosema: Samaki hasikii maumivu, basi asumbukiwe kwa nini? Dai hili halina nguvu tena. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza, akiwemo Lynne Sneddon, walieleza kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kutambua madhara, na kwamba alipotiwa asidi mdomoni aliacha kula kwa muda na kujisugua midomo kwenye changarawe. Wengine watauliza: Mbona twamla? Naam, twamla, na ni halali. Lakini kumvua samaki kwa chakula ni jambo moja, na kumwacha adhoofike siku kumi mbele ya macho yako, bila faida kwa yeyote, ni jambo jingine kabisa.

Tena fikiri hili. Kambale wa Mto Ngerengere maji yakimchafukia huhama. Na kwa kuwa anacho kiungo cha kuvutia hewa, aweza hata kutambaa nchi kavu usiku wenye unyevu. Wako hana pa kwenda. Maji yake, chakula chake na majirani zake vyote umemchagulia wewe. Wajibu wako juu yake haukutoka katika ukubwa wake wala bei yake, bali katika kumfungia.

Sasa turudi kwenye lile swali la nani aokolewe. Kimelea cha madoa meupe, kikishiba, hudondoka kutoka ngozini, hujigandisha chini, na hapo hugawanyika na kutoa watoto mamia wanaoogelea kutafuta samaki. Dawa huwaua wakati huo tu, si wakiwa ngozini. Basi yule alalaye mchangani hulala mlangoni pa adui yake! Lakini watoto hao wasipopata samaki hufa baada ya siku chache, hasa katika maji ya joto. Kwa hiyo wahamishe samaki wote katika beseni kubwa lisilo na majani, watibiwe humo kwa chumvi kiasi cha gramu moja hadi tatu kwa kila lita, ikiongezwa pole pole, na maji yabadilishwe kila siku. Hodhi libaki na majani yake wiki mbili bila samaki. Hakuna aliyelazimika kufa. Ugomvi wa samaki na majani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa mwenye hodhi na usumbufu wake mwenyewe.

Na zile sharubu? Hapo mara nyingi kosa si la kimelea, bali ni mabaki ya chakula yaliyooza mchangani na kuzaa amonia. Kumtilia dawa samaki huyo huku uchafu umebaki palepale ni kujitafutia utulivu wa moyo, wala si huruma. Nia njema haimpunguzii sumu.

Yapo mambo mawili ambayo nia njema haiyahalalishi kamwe. La kwanza, kumuuza kwa mlaji samaki aliyetibiwa kwa dawa za rangi za samaki wa mapambo. Baadhi yake zimekatazwa nchi nyingi kwa samaki wa chakula, maana mabaki yake hudumu katika nyama. La pili, kumwachilia mgonjwa mtoni eti apate uhuru. Akiwa hatapona, auawe upesi kwa pigo moja la kichwani, afukiwe mbali na kijito, na maji ya beseni yamwagwe penye nchi kavu.